Saa, Minervali na Cheo: Mwajiri Anapomsomesha Mfanyakazi Butembo na Beni

Kumsomesha mfanyakazi ni mpango ambao mwajiri hubeba sehemu ya gharama za masomo ya chuo kikuu ya mtu anayeendelea kushika kazi yake. Sehemu hiyo huweza kuwa minervali, yaani ada ya mwaka. Huweza kuwa saa za kazi anazoachiwa bila mshahara kuguswa. Huweza pia kuwa mshahara uliotangulizwa wakati wa kujiandikisha, ukarudishwa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Mpango huu si sawa na bursi. Mwenye bursi hukaa chuoni, na anayemlipia hamdai kazi mpaka amalize. Mfanyakazi anayesomeshwa, asubuhi yuko nyuma ya kaunta ya dawa au mbele ya darasa la tano, jioni yuko kwenye benchi la chuo, na kesho yake alfajiri anangojwa tena kazini.

Katika Butembo na Beni, miji miwili ya Kivu ya Kaskazini iliyoachana kwa kilomita zipatazo 54, mazungumzo ya mpango huu huanzia kwenye fedha: nani analipa, dola ngapi, kwa awamu ngapi. Fedha ni muhimu, lakini mara nyingi sizo zinazoamua nani atamaliza. Mambo mawili huamua zaidi: saa ambazo mwajiri yuko tayari kuziachia, na cheo kinachomngoja mfanyakazi siku atakaporudi na karatasi yake.

Kwa miaka mingi mpango wa namna hii haukuwezekana kabisa. Kongo ilipata Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kinshasa mwaka 1954, kisha kingine Lubumbashi mwaka 1956, na cha tatu Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 vyote vitatu viliunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, kilichogawanywa tena mwaka 1981. Karani wa Butembo aliyetaka lisansi alikuwa na njia moja tu, kuacha kazi na kuhama. Mambo yalibadilika mwaka 1989, Serikali ilipokubali vyuo vikuu visivyo vyake. Mwaka huo huo Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa jimbo la Butembo-Beni tangu 1966, alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, ambacho wenyeji hukiita UCG. Baadaye vilikuja vingine: Chuo Kikuu cha Asomsio na Chuo Kikuu Rasmi cha Ruwenzori mjini Butembo, Chuo Kikuu Rasmi cha Semuliki mjini Beni, pamoja na taasisi za juu za ualimu, za biashara na za ufundi wa tiba, zile zinazojulikana kwa herufi ISP, ISC na ISTM. Waadventista wana chuo chao Lukanga, nje kidogo ya Butembo. Beni ilipata UCBC mwaka 2007, chuo cha Kikristo kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Chuo kilimfuata mfanyakazi mlangoni pake. Kilichobaki ni kumpatia nafasi ya kuingia.

Nafasi hiyo hupimwa kwa saa, na hesabu yake inafaa kufanywa kwa makini kwa sababu waajiri wengi hawaifanyi. Sheria ya msingi ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliingiza mfumo wa LMD, yaani lisansi ya miaka 3, masta ya miaka 2 na udaktari, ukichukua nafasi ya mfumo wa zamani wa gradua ya miaka 3 iliyofuatwa na lisansi ya miaka 2. Vyuo vilianza kuutumia kwa upana katika mwaka wa masomo 2021-2022. Katika LMD masomo huhesabiwa kwa krediti: 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi nzima. Krediti moja ikichukuliwa kuwa saa 25 za kazi, ukijumlisha darasa, mazoezi na kusoma peke yako, mwaka mmoja unadai saa 1,500. Zigawanye kwa majuma 40, na kila juma linapata saa 37 na nusu. Sheria ya Kazi inaweka juma la kazi lisizidi saa 45. Mfanyakazi anayefuata mwaka mzima wa masomo bila kupunguziwa chochote ana basi saa 82 na nusu za kazi katika juma lenye saa 168. Akilala saa 8 kila usiku, zinambaki saa 29 na nusu kwa chakula, watoto, kanisa, soko, na kupanda vilima vya Butembo, ambavyo havimhurumii mtu mwenye mkoba wa vitabu.

Mwajiri akimwachia alasiri moja ya saa 5 kila juma, kwa majuma hayo 40 amempa saa 200, sawa na krediti 8. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo sababu inayofanya walioachiwa alasiri moja waendelee kusinzia darasani, huku mwajiri akiamini ametoa cha kutosha. Njia ya uhakika zaidi ni kuupasua mwaka mmoja kuwa miwili: krediti 30 kwa mwaka, saa 19 hivi kwa juma, lisansi kwa miaka 6. Mfumo wa zamani haukuruhusu jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa mwaka ulipitishwa au kurudiwa mzima mzima mbele ya baraza la mitihani. LMD humruhusu mwanafunzi kulimbikiza krediti alizokwisha kuzipata. Kwa mfanyakazi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika mageuzi hayo, na la kushangaza ni kwamba halizungumzwi sana kama lile la majina ya digrii.

Ratiba ya chuo nayo ina tabia yake. Vyuo vya eneo hili havina maprofesa wa kutosha wanaokaa mjini, hivyo huwaita maprofesa wageni kutoka Kisangani, Kinshasa na kwingineko. Profesa mgeni hawezi kukaa miezi minne akifundisha kila Jumatano. Hufika, hufundisha somo zima kwa juma moja au mawili, asubuhi hadi jioni, hutoa mtihani na kuondoka. Kwa mfanyakazi aliyeombewa ruhusa ya alasiri ya Jumatano, somo hilo limepita wakati yeye yuko ofisini. Ruhusa inayofaa mazingira haya ni fungu la siku, tuseme 20 kwa mwaka, ambalo mfanyakazi hulichota kwa vipande kila profesa anapotangazwa, mradi amtangulizie mkuu wake taarifa. Mwajiri anayepanga ruhusa bila kuuliza chuo kinavyofundisha hutoa saa ambazo hazina mtumiaji.

Hospitali na vituo vya afya ndiyo mahali ambapo mpango huu umezama zaidi. Wauguzi wa Kongo hupangwa kwa ngazi zenye majina mafupi: A3 na A2 ni wa shule ya sekondari ya uuguzi, A1 ni wa ISTM aliyesoma gradua, na juu yake yuko mwenye lisansi. Ngazi huamua nani anaweza kuongoza kituo, nani husimamia wodi, na kila mmoja anapata kiasi gani cha primu, ile nyongeza inayotokana na makusanyo ya hospitali yenyewe. Muuguzi A2 mwenye miaka 10 kazini huona A1 aliyemaliza jana akiwekwa juu yake, na hapo hamu ya kusoma huwaka. Hospitali ina kitu ambacho ofisi nyingine hazina: zamu. Muuguzi anaweza kuchukua zamu za usiku na kusoma mchana, au kubadilishana na mwenzake juma la mitihani. Mwajiri hajatoa senti, ila amekubali kuipanga upya karatasi ya zamu. Gharama huangukia wenzake wanaobaki na zamu mbaya na, ikiwa mambo hayakuangaliwa, wagonjwa wanaohudumiwa usiku wa manane na mtu aliyetoka darasani. Mpango wa zamu usioweka siku ya kupumzika kati ya usiku na mtihani ni mpango wa hatari, hata kama haumgharimu mwajiri franka moja.

Hospitali za makanisa zina faida ya pili. Jimbo la Kikatoliki huendesha hospitali na vituo vingi kupitia ofisi yake ya huduma za afya, na jumuiya za Kiprotestanti kama CBCA na CECA 20 nazo zina mtandao wao. Muuguzi aliyesomeshwa na kituo kidogo kisicho na nafasi ya A1 anaweza kupelekwa kwenye kituo kingine cha kanisa lile lile. Aliyelipa na anayefaidika wanabaki nyumba moja. Mashirika ya watawa yamefanya hivyo tangu zamani: mtawa hupelekwa shule kwa sababu hospitali fulani itahitaji mfamasia baada ya miaka mitano, na nadhiri ya utii inafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mkataba. Kumsomesha mlei kunadai maelezo zaidi.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana wakati wa Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina katika wilaya ya Beni, uliendelea hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliambukizwa na 2,287 walifariki. Mashirika ya kimataifa yaliyokuja kupambana nao yaliajiri wauguzi, wataalamu wa maabara na watu wa afya ya jamii kwa malipo ambayo hospitali ya mtaa isingeweza kuyakaribia. Aliyesomeshwa miaka mitatu aliweza kuondoka kwa siku tatu. Hakuna kifungu cha mkataba kinachoshindana na tofauti ya namna hiyo ya mshahara. Hospitali inayoacha mlango wazi kwa anayetaka kurudi hujihifadhia angalau nafasi ya kuvuna baadaye, kwani kazi za dharura huisha, na Ebola ya 2018 ilipoisha nazo ziliisha.

Shuleni mambo ni mepesi kuyaeleza. Mwalimu wa D6, yaani mwenye diploma ya serikali ya sekondari, husoma ISP ili awe G3 au, kwa mfumo mpya, mwenye lisansi. Shule hufundisha asubuhi na chuo kinaweza kumpokea alasiri, hivyo muda unapatikana bila vita. Tatizo ni kwamba anayemwachia muda ni mkuu wa shule, na anayepaswa kuitambua digrii kwa mshahara ni Serikali, kupitia orodha yake ya malipo. Tangu elimu ya msingi iwe bure mwezi Septemba 2019, shule za msingi za umma hazina tena ule mchango wa wazazi ambao ungeweza kumwongezea mwalimu kitu wakati faili lake likisubiri Kinshasa. Mkuu wa shule anayemwambia mwalimu "soma, tutakupandisha" anaahidi kwa jina la mtu mwingine.

Wafanyabiashara wa Butembo ni habari nyingine. Mji huu ulijengwa na biashara: kahawa, vitambaa, pikipiki, bidhaa zinazofuatwa Dubai na Guangzhou na kupitishwa mpaka wa Kasindi. Maduka mengi ni ya ukoo. Kijana wa dukani mara nyingi ni mpwa au mtoto wa jirani wa kijijini, na minervali anayolipiwa haina jina la wazi: ni sehemu ya mshahara, ni msaada wa mjomba, na ni dhamana ya uaminifu, vyote kwa pamoja. Haandikiwi kitu. Mpango huu una nguvu yake, kwa kuwa anayemwibia mjomba aliyemsomesha hukimbia mji mzima. Una pia ubaya wake: mfanyakazi hajui ni lini deni limekwisha. Miaka ya karibuni sababu ya kusomesha imeongezeka. Kodi ya TVA ilianza kutozwa tarehe 1 Januari 2012, na tarehe 12 Septemba mwaka huo huo Kongo iliingia OHADA, umoja wa sheria za biashara wenye mfumo wake wa uhasibu. Daftari la mzee lenye majina ya wadaiwa halikutosha tena mbele ya mkaguzi wa kodi. Mwenye duka alikuwa na njia mbili, kumwajiri mhasibu mgeni au kumsomesha anayeijua kasha, na wengi huona ya pili inawapa usingizi zaidi.

Mashirika yasiyo ya kiserikali, licha ya kulipa vizuri kuliko wengi, husomesha kidogo. Mradi wa miezi 12 hauwezi kubeba lisansi ya miaka 3, na Sheria ya Kazi yenyewe inaweka kikomo cha miaka 2 kwa mkataba wa muda maalumu. Badala yake hutoa mafunzo ya siku chache yenye posho na cheti. Mfanyakazi wa shirika anayesoma chuo kikuu hujilipia, na anachohitaji kwa mkuu wake ni kutotumwa uwanjani juma la mitihani.

Vyuo vyenyewe ni waajiri, na huenda ndivyo vinavyosomesha kwa bidii zaidi, kwa kuwa bila hivyo vinakufa. Msaidizi wa kufundisha huajiriwa akiwa na lisansi ya mfumo wa zamani au masta. Anaweza kupanda kuwa mkuu wa kazi za vitendo, lakini ili awe profesa, lazima aandike na kutetea tasnifu ya udaktari. Chuo humruhusu kwenda Kisangani, Ubelgiji, Uganda au Kenya kwa vipindi, huku akirudi kufundisha. Kila msaidizi anayekuwa profesa hupunguza idadi ya maprofesa wageni wanaoitwa, na hivyo hurahisisha pia ratiba ya wafanyakazi wa mjini wanaosoma hapo.

Kwa nini mwajiri alipie elimu ambayo mfanyakazi anaweza kuondoka nayo? Mwanauchumi Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu rasilimali ya watu, alitenganisha mafunzo ya jumla, yanayotumika popote, na mafunzo mahsusi ya kazi moja. Kwa hoja yake, katika soko lenye ushindani mkamilifu mwajiri hana sababu ya kulipia yale ya jumla, na digrii ni ya jumla kuliko yote. Hata hivyo waajiri hulipa. Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke, mwishoni mwa miaka ya 1990, walieleza kwamba masoko ya kazi hayako kamili hivyo: mwajiri anamjua mtu wake kuliko wengine wanavyomjua, na kuhama kuna gharama, hivyo faida ya mafunzo haimtoroki yote. Peter Cappelli, akichunguza waajiri wa Marekani mwaka 2004, aliona kwamba msaada wa masomo huwavuta wafanyakazi walio bora na huwafanya wakae. Butembo inaafikiana na Acemoglu na Pischke. Anayejua ni mteja gani wa Lubero hulipa na yupi hukimbia ana elimu ambayo duka la pili haliwezi kuinunua pamoja na digrii yake.

Upande wa sheria hauna mengi ya kumwelekeza mwajiri. Mkataba nambari 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unahusu likizo ya masomo yenye malipo. Ubelgiji, ambayo sheria za kazi za Kongo zimerithi mengi kwake, ilikuwa na sheria ya likizo hiyo tangu 1985. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 ina sehemu nzima kuhusu mafunzo ya kazi na uanagenzi, na waajiri hutozwa mchango kwa ajili ya INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa mwaka 1964. Mchango huo, hata hivyo, haulipii lisansi ya mhasibu. Makubaliano ya kumsomesha mfanyakazi hubaki kati ya pande mbili, na ni vizuri yaandikwe.

Kifungu kinachobishaniwa zaidi ni kile cha kubaki kazini. Tuseme mwajiri amelipa dola 600 kwa mwaka kwa miaka 3, jumla dola 1,800, na mfanyakazi ameahidi kubaki miaka 3 baada ya kumaliza. Akiondoka baada ya mwaka mmoja, ametimiza theluthi moja ya ahadi, na deni lililobaki ni dola 1,200. Hesabu ya kupungua namna hii ni ya haki kuliko ile ya kudai yote au kusamehe yote. Kinachosahaulika ni hali nyingine tatu: mwajiri akimwachisha kazi, mfanyakazi akifeli mwaka, na chuo kikifungwa. Pia Sheria ya Kazi huweka mipaka ya makato kwenye mshahara, kwa hiyo mwajiri hawezi kulichukua deni lote mwezi wa mwisho na kumwacha mtu mikono mitupu.

Chuo kufungwa si jambo la kubuni hapa. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yameendelea tangu Oktoba 2014, na tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa uko chini ya hali ya kuzingirwa, mameya wa kiraia wakipisha maafisa wa usalama. Amri za kutotoka nje usiku hufupisha masomo ya jioni: darasa la saa kumi na moja hadi saa mbili usiku linaweza kuzaa mtu asiyeweza kufika kwake. Kuna siku ambazo mashirika ya kiraia hutangaza mji usimame, na siku ambazo barabara ya Beni hadi Butembo haipitiki kwa usalama. Kuanguka kwa Goma, mji mkuu wa mkoa, mikononi mwa waasi mwezi Januari 2025 kulihamishia Beni makao ya muda ya utawala wa mkoa, na benki za upande ule zikafunga milango. Mwajiri aliyekuwa akilipa minervali kupitia tawi la Goma alilazimika kutafuta njia nyingine. Makubaliano yanayotaja tarehe ya kumaliza badala ya idadi ya krediti huvunjika kwa mambo ambayo hakuna upande ulioyafanya.

Hatua ya mwisho ni karatasi. Mwanafunzi aliyefaulu hupewa kwanza hati ya kufaulu. Diploma yenyewe, hasa ya chuo kisicho cha Serikali, hupitia kamati ya wizara inayoithibitisha, na hilo huchukua muda. Mwajiri mmoja humpandisha mfanyakazi kwa hati, mwingine husubiri diploma iliyothibitishwa, na tofauti kati ya tarehe hizo mbili inaweza kuwa mshahara wa miezi mingi. Makubaliano yaliyoandikwa vizuri hutaja karatasi ipi, ngazi ipi itakayofunguliwa, na kama ngazi hiyo imeshikwa na mtu mwingine, mfanyakazi atawekwa wapi huku akisubiri.